Mbwa Si Jalala la Nyumba Yako

Mahindi yakiota ukungu ghalani, mpe mbwa. Karanga zikiwa chungu mdomoni, mpe mbwa. Mkate umepiga madoa ya kijani, mpe mbwa. Unga wa mandazi umeumuka mpaka unamwagika nje ya beseni na wapishi wamechoka, mpe mbwa. Kisha siku moja mnyama anakutwa amelala ubavu nyuma ya jiko, ufizi umekuwa wa manjano, povu limemkaukia mdomoni, na wenye nyumba wanashika viuno: amerogwa, au kuna mwizi kamtegea sumu. Mara nyingi hapo hapana mchawi wala mwizi. Aliyemuua ni yule yule anayempigia mluzi kila jioni, na alimuua kwa sahani ya makombo.

Nayasema haya kwa sauti kwa sababu huku kwetu Kakonko, na kwa jirani zetu wa Kibondo na Kasulu, mbwa hafugwi kwa mapambo. Kuanzia Muhange mpakani na Burundi mpaka Gwanumpu na Nyamtukuza, mahindi yakianza kushika punje ndipo nyani, ngedere na nguruwe pori wanapohamia shambani. Anayewakimbiza nani? Mtoto wa darasa la tano mwenye fimbo na debe la kupiga kelele, na mbwa. Usiku mbuzi wanalindwa na nani? Mbwa. Mtu anayesema "mbwa ni mbwa tu" hajawahi kulala kwenye kibanda cha shamba akasikia nguruwe wakivunja mahindi upande wa pili wa bonde. Familia inayomtegemea mnyama huyu kwa magunia yake yote ya mwaka, halafu inamlisha kile ambacho haithubutu kumpa hata mgeni isiyempenda, inafanya dhuluma. Nasema dhuluma, na neno hilo silipunguzi.

Tazameni stendi yetu. Mabasi yanayopita barabara ya kutoka Nyakanazi kwenda Kasulu na Kigoma yakisimama, madirisha yanafunguliwa na vitafunwa vinapanda: mahindi ya kuchoma, karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha, mishikaki, mihogo, bisi, biskuti, soda. Basi likiondoka, kinachobaki chini ni magunzi, vijiti vya mishikaki, mifuko ya nailoni yenye chumvi na mafuta, na mbwa wanaosubiri. Abiria anamrushia mbwa gunzi lenye punje tano, anacheka akiona limedakwa hewani, basi linaondoka. Ameona amefanya hisani.

Nimemwona mbwa aliyekufa akipasuliwa. Mwenyewe alikuwa ameshaapa kwamba jirani kamtilia sumu, na maneno yalikuwa yameanza kuwa makali kati ya nyumba mbili. Kijana aliyesomea mifugo alipochana tumbo, utumbo ulikuwa umevimba na kugeuka rangi ya damu iliyoganda sehemu moja, na ndani ya sehemu ile mlikuwa na kipande cha gunzi kirefu kama kidole gumba, kimekwama kama kizibo. Nyuma yake uchafu wote ulikuwa umejazana. Yule mbwa alikuwa ametapika kila alichokula, akaacha kula, akajificha, na watu walimtazama wakisema atapona mwenyewe. Gunzi haliyeyuki tumboni. Asidi ya tumbo la mbwa inasaga mfupa mbichi, lakini gunzi linakaa vile vile lilivyomezwa, linasogea, linakwama, na baada ya hapo bila kisu cha daktari mbwa huyo ni maiti inayopumua. Kijiti cha mshikaki ni kibaya zaidi: kinatoboa. Kokwa la embe nalo linaziba kama gunzi.

Mfupa wa kuku uliochemshwa au kuchomwa nao umo katika orodha hii, ingawa kila nyumba inaamini mfupa ni haki ya mbwa. Ukipikwa unakauka na kuvunjika vipande vyenye ncha. Basi.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyoua bila kuziba chochote. Kitunguu ni cha kwanza kwa sababu kimo katika kila tunachopika: kachumbari, sambusa, supu, rosti, na unga wake umo hata katika krispi za pakiti. Kitunguu na kitunguu saumu vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 mpaka 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumdhuru, na mbwa wetu wa kienyeji wengi hawazidi kilo 12 au 15. Yaani vitunguu viwili vya kawaida, vibichi au vilivyopikwa, kwa sababu moto hauondoi ubaya wake. Na hatari yake ni kwamba siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya siku kadhaa ndipo mbwa anachoka, ufizi unapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, na wakati huo hakuna anayekumbuka tena sufuria ya mabaki ya harusi.

Unga wa mandazi uliotiwa hamira, ambao haujaiva, unaendelea kuumuka ndani ya tumbo lenye joto. Tumbo linavimba, na hamira inatengeneza pombe inayoingia kwenye damu. Mbwa anayumba na watu wanamcheka. Hakuna cha kucheka. Mnyama anakufa akiwa amelewa bila kuonja pombe.

Zabibu kavu za kwenye keki na pilau zinaweza kuua figo za mbwa ndani ya siku moja mpaka tatu. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walieleza kwamba mhusika huenda ni asidi ya tatariki iliyomo katika zabibu, na asidi hiyo hiyo imejaa katika ukwaju. Ukwaju, ndugu zangu! Ule tunaotengenezea juisi na pipi za watoto. Chokoleti huku si chakula cha kila siku, lakini siku za sikukuu, ndugu wakirudi kutoka Dar es Salaam au Mwanza, inaingia nyumbani, na bamba moja la gramu 100 la chokoleti nyeusi linatosha kuufanya moyo wa mbwa wa kilo 12 ukimbie mpaka atetemeke mwili mzima. Dalili zinakuja baada ya saa 6 mpaka 12, usiku watu wakiwa wamelala. Majani ya chai na machicha ya kahawa yana kemikali ya ukoo mmoja na ile ya chokoleti. Na bigijii zile zisizo na sukari, zinazouzwa kwa watu wanaoogopa kisukari, nyingine zina kitu kinaitwa zailitoli. Binadamu anaitafuna bila shida. Mbwa akila vipande vichache, sukari ya damu yake inashuka ndani ya nusu saa, anaanguka, na akila zaidi ini linakufa.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo nikiyalinganisha na uovu mkubwa unaofanyika katika kila kijiji cha ukanda huu, tena kwa nia njema kabisa. Nazungumzia pumba na karanga za kuvu.

Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba, na mara nyingi mahindi yanakauka shambani zikiwa bado hazijakatika. Tunavuna yakiwa na unyevu, tunaanika chini kwenye udongo, wingu likija tunakusanya haraka na kurundika ndani. Kuvu inaingia. Mwanamke anakaa mlangoni anachambua: punje nzuri huku, punje nyeusi na za kijani kule. Zile nzuri za familia. Zile nyingine za kuku na mbwa. Kisha mahindi mazuri yanapelekwa mashineni, yanakobolewa, sembe nyeupe inarudi kwa watoto na pumba inapikwa ugali wa mbwa. Hapo ndipo penye mauti. Sumukuvu haikai sawasawa katika punje. Sehemu kubwa imo katika ganda na kiini, yaani katika pumba ile ile. Kwa hiyo mbwa anapewa punje zilizooza, na juu yake anapewa pumba yenye sumu ya punje zilizoonekana nzima. Kupika hakusaidii. Unaweza kuisonga pumba mpaka mwiko uvunjike. Sumukuvu haiogopi maji yanayochemka.

Na katika wanyama wote tunaowafuga, mbwa ni miongoni mwa wanaoumizwa upesi zaidi na sumu hii. Miligramu moja kwa kila kilo ya uzito wake yaweza kumuua kwa mara moja, na kiasi kidogo zaidi cha kila siku kinamla ini polepole. Anaanza kukataa chakula, anatapika, macho na ufizi vinakuwa vya manjano, haja yake inakuwa nyeusi kama lami, tumbo linajaa maji huku mgongo ukikonda. Wangapi kati yenu mmemwona mbwa wa namna hiyo mkasema "ana minyoo"?

Dunia iliambiwa jambo hili na mbwa kabla ya kuambiwa na maprofesa. Miaka ya 1950 huko kusini mashariki mwa Marekani mbwa walikufa kwa ugonjwa wa ini uliowashinda madaktari, wakaupa jina la herufi tu kwa sababu hawakuujua. Mwaka 1960 bata mzinga wapatao 100,000 wakafa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga zenye kuvu, ndipo sumu ikatambuliwa, na baadaye ikafahamika kwamba wale mbwa walikuwa wameuawa na kitu hicho hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilipoteza mbwa na kuku wengi kwa chakula chenye sumukuvu. Mwaka 2004 ikawa zamu ya watu wa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, waliokufa 125, kwa mahindi ya nyumbani kwao. Mwaka 2016 ikaja kwetu Tanzania, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, marehemu 20. Miaka michache tu iliyopita, kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, mbwa zaidi ya 100 walikufa Marekani kwa chakula cha mbwa cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hii. Kama kiwanda cha Marekani chenye maabara kinapitiwa, beseni lako la pumba litapona kwa kitu gani?

Anayeniambia "mwandishi, watoto wa watu wanalala njaa na wewe unalilia mbwa" nimjibu hapa hapa, kwa sababu najua anasubiri. Mahindi yale yale ndiyo watoto wanayokula. Kuku aliyekula pumba ile anataga yai, na ng'ombe au mbuzi aliyekula pumba ile anatoa maziwa yenye mabaki ya sumu, na mtoto wako wa miaka miwili anayanywa. Mbwa akifa ini likiwa limeharibika, hiyo ni taarifa kuhusu ghala lako, na imekujia bure. Ukimfukia na kuendelea kusonga ugali kutoka gunia lile lile, umechagua kutosikia. Nani basi anayewajali watoto, mimi au wewe?

Tena kinga yake haihitaji utajiri. Anika juu ya turubai au jamvi, usianike kwenye udongo. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo yake na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa vizuri, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Isiposhika, yamekauka, weka ghalani juu ya chaga, au kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa. Wataalamu wa mradi wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, wamefika hata wilaya za mkoa wetu kuyasema haya. Punje zilizooza zifukie. Zifukie kweli, usimpe kuku, usimpe nguruwe, usizipeleke kwenye pombe, na usimpe mbwa.

Sasa, mbwa ameshakula. Umeingia ndani umekuta kapu la karanga limemwagika, au pakiti imechanwa, au sahani ya sambusa ni tupu na mkia unatikisika. Ufanye nini?

Kwanza niseme usichofanya, kwa kuwa huko ndiko tunakoulia mbwa wengi ambao wangepona. Tuna mazoea ya kumkaba mbwa shingo na kummiminia kitu kooni: maziwa, mawese, yai bichi, maji ya sabuni, maji ya chumvi, maji ya tumbaku. Kila mzee ana yake na kila mmoja anaapa kwamba iliwahi kuponya. Naheshimu wazee, lakini hapa nasimama wima: acheni. Mawese yakimiminwa kwenye koo la mnyama anayehangaika yanaingia mapafuni, na mbwa aliyekuwa na tatizo la tumbo sasa anakufa kwa nimonia. Maziwa hayazimi sumu. Yanampa kuhara juu ya yote. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kuliko yote. Vijiko vitatu vya mezani vya chumvi vinaweza kumuua mbwa wa kilo 12, hata kama alichokula mwanzo kilikuwa andazi tu. Unaondoa mwiba mguuni kwa panga. Na mkaa wa jikoni uliotwangwa si ule mkaa wa dawa anaoutumia daktari. Usijidanganye kwa kuwa rangi ni moja.

Unachofanya ni hiki. Mtoe mbwa pale, mfunge mahali penye kivuli na utulivu, wazuie mbwa wengine. Okota kilichobaki: pakiti, ganda, punje, hata alichotapika kama ametapika, weka kwenye mfuko. Tazama saa. Jiulize amekula nini hasa, kiasi gani, na ana uzito gani kwa kukadiria. Angalia pia kama kile kitafunwa kilikuwa mtego, kwa maana nyumba nyingi huweka sumu ya panya ndani ya andazi au dagaa, halafu zinasahau. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda na dalili zake huchelewa siku tatu mpaka tano. Mbwa anaonekana mzima kabisa, kisha anaanza kuvuja damu puani na kwenye haja. Ina dawa yake, vitamini K, ikiwahiwa. Ndiyo maana pakiti usiitupe.

Kisha piga simu kwa afisa mifugo au daktari wa mifugo. Usisubiri dalili. Nalirudia kwa sababu hili ndilo linalotushinda: usisubiri dalili. Muda ambao daktari anaweza kumtapisha mbwa na kikatoka kitu cha maana ni kama saa mbili tangu ale. Ukisubiri mpaka atetemeke, umeshazitumia saa hizo kwa kutazama. Kumtapisha ni uamuzi wake yeye, kwa sababu mbwa aliyemeza kijiti, mafuta ya taa au kitu kinachounguza, au aliyekwisha kulegea na kupoteza fahamu, hatapishwi kamwe. Kama ulichookota ni pakiti ya bigijii isiyo na sukari na mbwa ameanza kulegea, mpake asali kwenye ufizi, kidogo kidogo, wakati mnakwenda. Asali ukanda huu tunayo, tena yenye sifa nchi nzima. Mpake, usimmiminie.

Na tuseme ukweli wote: mara nyingi hakuna dharura. Mbwa aliyekula andazi moja lililoiva, biskuti mbili, ndizi, kiganja cha bisi zisizo na chumvi nyingi, au karanga chache nzima zisizo na kuvu, mwekee maji safi, mwache apumzike, mtazame mpaka kesho yake. Pengine atahara kidogo. Akila rundo la chipsi na ngozi za kuku zenye mafuta, hilo ni jambo jingine, kongosho lake laweza kuvimba. Akitapika mfululizo na kukunja mgongo kwa maumivu, mpeleke. Tumbo likivimba na kuwa gumu, mpeleke. Ufizi ukipauka au kuwa wa manjano, mpeleke. Akiwa anatapika kila anachokunywa baada ya kula gunzi au mfupa, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa pikipiki na kikapu.

Kuna hatari nyingine ambayo sitaki ipite bila kusemwa. Mbwa aliyekula sumu anaweza kutoa povu, kutetemeka, kuanguka na kupiga miguu. Kijijini mtu mmoja akipiga kelele "kichaa!", mawe yanaanza kuruka, na mnyama aliyekula chokoleti ya mtoto anauawa mbele ya mtoto huyo huyo. Lakini kinyume chake nacho kipo, na ni kibaya zaidi: kichaa cha mbwa ni ugonjwa halisi, unakadiriwa kuua Watanzania wapatao 1,500 kila mwaka, na kwa hiyo mkono wako usiuingize mdomoni mwa mbwa anayetoa povu kutafuta mfupa, hata kama umemlea tangu alipokuwa hajafumbua macho. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo. Njia ya kuepuka mkanganyiko huu ni chanjo. Mwenye cheti cha chanjo ya mbwa wake anaweza kusimama mbele ya umati na kusema, mwacheni, huyu amekula kitu. Asiyekuwa nacho hana la kusema, na hatasikilizwa.

Nimeambiwa na watu wengi, nami limenipata pia, kwamba ukifika kwenye ofisi ya mifugo ukasema umeleta mbwa, unatazamwa kama uliyepotea njia. Ng'ombe ndiyo. Mbuzi ndiyo. Mbwa? Ofisi moja niliyofika na mnyama akiwa anahema, jibu lilikuwa kwamba dawa zilizopo ni za ng'ombe na nirudi wiki ijayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Inataka mnyama asiachwe katika njaa, kiu, maumivu na ugonjwa, na mbwa ni mnyama. Nchi hii ina Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro kinachofundisha madaktari wa mifugo mwaka baada ya mwaka. Hatuwezi kuambiwa kwamba elimu hiyo ikifika Kakonko inaishia kwenye josho. Wilaya yetu ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Kibondo kwa hoja kwamba huduma zisogee karibu na wananchi. Basi zisogee. Sidai hospitali ya wanyama yenye mashine ya picha. Nadai chupa ya mkaa wa dawa, vitamini K, dripu chache na mtu anayepokea simu, katika kila kata. Gharama ya vitu hivyo haifiki bei ya posho za semina moja.

Kwa wauza vitafunwa wa stendi, dada zangu na wadogo zangu, neno langu ni fupi: wekeni ndoo ya magunzi na vijiti, na mwambieni mteja avirudishe humo. Magunzi mkiyakausha ni kuni. Kwa madereva na makondakta: watangazieni abiria wasirushe kitu dirishani. Kwa walimu wa shule za msingi: mtoto anayejua kwamba karanga chungu hazimezwi atajua pia kwamba hazitupiwi mbwa, na somo hilo litakaa kichwani mwake kuliko mchoro wa ini ubaoni. Kwa masheikh na mapadri: Waislamu wanasimuliana kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Wakristo wameusiwa katika Mithali kuujali uhai wa mnyama. Mimbari mnazo, zitumieni kabla ya mavuno, wakati magunia yanaandaliwa.

Na wewe mwenye mbwa, usingoje serikali wala mimbari. Leo jioni mpikie ugali wa mahindi yale yale unayokula wewe, mtilie dagaa wasio na kitunguu. Mahindi ya kuvu yaliyoko pembeni ya ghala yachimbie shimo kesho asubuhi. Tafuta namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako, uiandike kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, mahali ambapo hata mtoto ataisoma siku ukiwa shambani.